Vidole vya Papa Firmin

Maman Eulalie ana vidole viwili visivyokunjika, cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Ukimpa mkono utavihisi vimesimama, vimekataa. Alikuwa fundi cherehani, na wanawake wote wa avenue yetu, mtaa huu wa Kadutu, tulikwenda harusini na nguo alizoshona yeye. Mimi ni Jeanine, jirani yake wa mlango wa pili, na ninasema mapema kwamba katika habari hii siko katikati. Nina upande wangu.

Juu ya kiwanja chake anakaa Papa Firmin, shefu wa avenue. Kwetu nyumba zimepandana mlimani, bati la mmoja liko chini ya miguu ya mwingine, na kuna tabia mbaya ambayo wengi tunayo, ila Papa Firmin alikuwa bingwa wake. Anajaza takataka zake kwenye magunia, kisha anangoja mvua. Mvua ikishika kasi anatoka na mwavuli, anamwaga magunia mferejini, anarudi ndani kunywa chai. Kwake kunabaki safi. Maji hayajui yanapeleka kwa nani, lakini Papa Firmin alijua vizuri sana. Yalipeleka kwa Eulalie.

Jumamosi moja ya salongo, siku kila mtu anaposafisha mbele ya nyumba yake na shefu kupita kukagua kwa niaba ya komine, ofisi ya serikali ya eneo letu, Papa Firmin alisimama kando ya lundo lililotoka kwake mwenyewe.

"Maman, hapa kwako iko buchafu sana," akasema. "Utoshe hapa hii bintu yote mbele ya saa ine, ao nitakuandika ku komine."

"Papa Firmin, hii takataka inatoka kwako."

"Minaiona kwako. Kwako njo kwenye iko."

Eulalie akainama, akaanza kuzoa kwa mikono mitupu. Ndani ya mfuko mmoja mlikuwa na chupa iliyovunjika. Ilimpasua kiganja mpaka mishipa ya vidole ikakatika. Nilimfunga kwa kikwembe changu, kitenge nilichokuwa nimejifunga, nikamshika mpaka hospitali, na kikwembe kile sikukivaa tena. Papa Firmin hakuja kumpa pole. Jumamosi iliyofuata alipita kukagua kama kawaida, na kalamu yake mfukoni.

Mwingine angelia. Eulalie alinuna miezi mitatu, halafu siku moja, akimenya mihogo kwa mkono wa kushoto, akaniambia:

"Jeanine, minatafuta mashini ya kufinya takataka. Minataka kumurudishia yake yote, imefungwa muzuri, isishuke tena."

Kwanza tulikwenda Muhumba, mtaa wa wenye nacho, kuona moja ya umeme ya mzungu aliyekuwa anahama. Ilikuwa nyeupe, imesimama kama friji ndogo, na droo chini, kitufe na ufunguo. Mimi nilikuwa nimeshaipenda. Eulalie akamuuliza mlinzi aliyeachiwa kuiuza:

"Courant ikikatika katikati ya kazi?"

"Inasimama, maman."

"Na courant ikirudia, mukono yangu iko ndani?"

Mlinzi akasema mtu mwenye akili anatoa ufunguo kwanza.

"Na mwenye anasahau?"

Umeme wa Kadutu tunaujua, unaondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi. Tukaiacha.

Guy, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyemtengenezea ya mkono. Ni sanduku la chuma kinene, juu yake sahani nzito, na mpini mrefu wa bomba. Unainua mpini, sahani inapanda, unatia takataka. Unavuta mpini chini, sahani inashuka na kufinya. Ukirudia mara nne unapata tofali la takataka, unalifunga waya na kulitolea kwenye kimlango cha chini. Sahani ikiwa juu inashikiliwa na goupille, kipini cha chuma kinene kama kidole gumba, kinachoning'inia kwenye mnyororo na kuingia kwenye tundu lake. Guy alisema mara tatu, akitutazama usoni:

"Kama goupille haijaingia, mukono haiingie."

Eulalie alimlipa kwa cherehani yake. Siku walipoibeba mimi nililia, yeye hakulia.

Akaanza kazi. Kila mvua iliposhusha uchafu wa Papa Firmin, aliuchambua kwa koleo na glavu nene, akaukausha, akaufinya, akaandika kwa rangi nyekundu tarehe ya mvua, akapanda ngazi na kuliweka tofali mlangoni kwa mwenyewe. Mara ya kwanza Papa Firmin alicheka. Mara ya sita alingoja mvua akayasukuma mferejini matofali yote, na tofali la kilo kumi na tano halichukuliwi na maji. Yalikaa palepale, yakaziba, maji yakageuka yakaingia jikoni kwake. Tulisikia sufuria zikielea. Sijawahi kulala vizuri kama usiku ule.

Basi watu wakaanza kuja na magunia yao. Eulalie hakumkataa mtu, lakini aliweka meza uani na sharti moja: kila mmoja achambue takataka zake, mbele ya watu. Chupa kando, kwa sababu kioo kikifinywa kinaruka machoni. Betri kando, na makopo ya kupulizia dawa za mbu kando, yasije yakapasuka. Maganda na mabaki ya chakula yanakwenda kwenye migomba. Watoto wasivuke kamba aliyoizungushia mashine.

Habari zikafika komine, na Jumamosi moja ya salongo wakaja wakubwa watatu kuona. Papa Firmin alivaa koti. Aliwaambia huu ni mradi wake, aliufikiria tangu zamani. Kisha, ili awaonyeshe, akaleta gunia lake na kulimwaga moja kwa moja kwenye sanduku bila kuchambua hata kitu kimoja. Eulalie alikuwa ameinua mpini, ameushika kwa mkono wa kushoto. Kona ya gunia ikanasa. Papa Firmin akainama, akaingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akitabasamu kwa wageni.

Goupille ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo.

Nimemwona Eulalie akiitia mara mia, hajawahi kuisahau. Siku ile hakuitia. Alikuwa anautazama ule mkono. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeahidi kwamba nina upande: moyoni nilisema, achilia. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake.

Kisha akaishika goupille kwa mkono wa kulia, kwa vile vidole vilivyobaki, na kuisukuma tunduni. Ililia chuma kwa chuma. Papa Firmin akageuka, akaiona, akautazama mpini, akaelewa. Akautoa mkono taratibu na kuushika kifuani kwa mkono mwingine.

"Bidole byako nimekuachia, Papa Firmin," Eulalie akasema, bila kupandisha sauti, wageni wote wakisikia. "Sababu biko na kazi. Haukuchagula takataka yako. Tosha yote inje, uchagule."

"Nipatie basi gants, maman," akasema, akizielekeza kwa kidevu glavu za Eulalie.

"Ile siku yangu, uliniulizaka kama niko na gants?"

Avenue nzima ilikuwa imesimama, na wakubwa wa komine walikuwa wanatazama meza. Alivua koti. Alichambua gunia lake kwa mikono mitupu, kipande kwa kipande, polepole kama mtu anayetoa miiba ya samaki, na chupa zilizovunjika zilikuwa saba. Alipomaliza, Eulalie akamwambia arudi Jumamosi inayofuata.

"Mpaka lini, maman?"

Eulalie akamnyooshea mkono wa kulia usoni, vile vidole viwili vimesimama.

"Mpaka hii bidole bibili ikunjike."

Hadi leo havijakunjika, na kila Jumamosi Papa Firmin anakuja.