Diwani Ambaye Kambi Haikumpata

Watu wa kambini hawakutaka diwani kwa ajili ya bomba wala barabara. Walitaka mahali pa kuzikana.

Naanza na hilo kwa sababu upande wetu, habari ilipofika kwamba kambi inatoa mgombea, watu walicheka wakasema manamba nao wanataka ukubwa. Kata yetu ilikuwa pembeni mwa mji wa Korogwe. Upande wa juu tuliishi sisi wenyeji, Wazigua na Wasambaa, na mashamba yetu ya mahindi na msikiti wetu. Upande wa chini, ng'ambo ya reli, ilikuwa kambi ya wakata mkonge: Wanyamwezi, Waha, Wabena, watu walioletwa zamani kwa mikataba, wakaoa, wakazaa, na wengi hawakurudi kwao tena. Waliokufa walizikwa kwenye kona moja ya shamba. Hakuna aliyewapa kona ile. Alizikwa mmoja, akafuata wa pili, ikawa desturi.

Kisha shamba likawa mali ya umma, na watu wa kambini wakafurahi kama sisi sote. Meneja mpya, mwananchi mwenzetu, aliwaambia kwa upole kwamba kona ile itapandwa mkonge mvua zikianza. Labda baraza la wilaya liitenge iwe makaburi, alisema, hapo yeye hatakuwa na neno. Barazani kambi haikuwa na mtu. Kwa miaka yote diwani alitoka upande wetu.

Mgombea wao alikuwa mtani wangu. Wanyamwezi na sisi Wazigua tumetaniana tangu enzi za misafara, na mzee huyu hakuniachia hata siku moja. Alifanya kazi korona, kwenye mashine inayochana majani ya mkonge, na mashine ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kulia. Mke wake alikuwa amezikwa katika kona ile mwaka mmoja nyuma.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nakaa nyumbani kusubiri barua ya kupangiwa kazi. Katibu wa chama wa kata aliniona sina shughuli akanipa daftari la wapiga kura upande wa kambi. "Una mwandiko mzuri," alisema. Nilikesha nikisoma karatasi ya maelekezo. Mstari mmoja ulisema niandike jina ambalo mtu anatambulika nalo. Nilijiuliza: anatambulika na nani?

Kambini karibu kila mtu alikuwa na majina mawili. Moja alipewa na wazazi. La pili lilikuwa kwenye kipande, ile kadi ya kazi ambayo nyapara huitia alama kila siku. Wengine walikuja na mkataba wa kaka aliyeugua njiani, wakaandikwa jina la kaka. Wengine karani wa Kizungu alishindwa kulitamka jina akawapa jingine. Wamefanya kazi miaka ishirini kwa jina hilo, na mshahara wamepokea kwa jina hilo. Mimi niliona ni aibu. Nchi imejitawala, halafu mtu apige kura kwa jina la mkoloni? Nikaamua kuandika majina ya wazazi tu.

Niliweka meza mbele ya duka la kambi. Wa kwanza aliniwekea kipande chake mezani.

"Kiweke mfukoni, mzee," nikamwambia. "Mama yako alikuitaje?"

Akatazama nyuma, kana kwamba nimemuuliza mwingine. Kisha akalitaja, polepole, na wenzake kwenye mstari wakapiga kelele za furaha, kwa kuwa hawakuwahi kulisikia. Ikawa hivyo hadi jioni. Mzee mmoja Muha alilitaja jina lake mara mbili, kisha akaomba nimwonyeshe lilipo, ingawa hakujua kusoma. Aliligusa kwa kidole.

Zamu ya mtani wangu ilipofika nilisimama. "Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtumwa wangu. Mzigua na kalamu! Dunia imefika mwisho. Babu zako njaa ikipiga waliuzana kwa pishi ya mtama, leo wewe unatuandika sisi?"

"Nakuandika usipotee tena," nikamjibu. "Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu za watu vichwani, wakasahau njia ya kurudi."

"Hatukusahau. Tulibaki kuwafundisha kula."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote.

Fomu ya kugombea ilihitaji wadhamini, watu waliomo kwenye daftari la kata. Mtani wangu aliijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa alizojifunza darasa la watu wazima. Jioni ya kuamkia siku ya mwisho aliniletea niikague. Niliisoma mara tatu. Chini ya ukurasa kulikuwa na doa la wino, na lilinisumbua sana. Nilimuuliza kama doa linagusa alama ya dole gumba au liko kando yake. Nilimuuliza kama aliyeweka dole alitumia mkono wa kushoto. Nilizungumza naye nusu saa juu ya doa.

Majina ya wadhamini niliyapita. Sikuyafahamu, nikadhani ni watu wa mistari ya mwisho ya nyumba. Hayo ndiyo yalikuwa majina ya vipande. Wadhamini walipoitwa kuweka dole kwenye karatasi ya serikali, kila mmoja alikuja na kipande mkononi, kama walivyozoea tangu ujana wao, na mtani wangu akayanakili kwa uangalifu. Wenyewe ndio wale wale niliowaandika mimi. Nilikuwa nimekataa hata kuyatazama majina yale, basi nitayajuaje?

Kesho yake msimamizi wa uchaguzi alifungua daftari langu upande mmoja wa meza na fomu upande wa pili. Alipitisha rula jina kwa jina. Mimi nilikaa pembeni kama karani, na mtani wangu alisimama, kofia mkononi.

"Huyu hayumo," msimamizi alisema. "Huyu hayumo. Na huyu pia." Alifika mwisho. "Mzee, umeniletea wadhamini wawili tu. Hawa wengine ni nani?"

"Ni watu wa kambini, mheshimiwa. Karani anawajua. Amewaandika kwa mkono wake."

Msimamizi akanigeukia. "Karani, daftari ni sahihi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, na ilitosha kusema sentensi moja: ndio hao hao, kosa ni langu. Lakini akili yangu haijawahi kunipa sentensi moja. Niliwaza kwamba nikikiri, daftari zima la kambi linaweza kufutwa, wakose hata kura. Niliwaza kwamba maelekezo yalisema jina ambalo mtu anatambulika nalo, na mimi niliyageuza kwa kichwa changu. Niliwaza barua yangu ya kazi, ipo njiani, na nani ataiandikia ofisi kuhusu mimi. Nilitaka kupima lipi kati ya hayo ni zito zaidi. Msimamizi alikuwa ananingoja.

"Daftari ni sahihi," nilisema.

Mtani wangu alinitazama. Msimamizi aliangalia saa, akamwambia muda wa kuleta fomu nyingine unakwisha saa kumi. Watu wote walikuwa shambani, maili kadhaa kutoka pale. Mgombea wa upande wetu, fundi cherehani na mtu mwema kabisa, akapita bila kupingwa.

Nilimkimbilia nje. "Mtani! Mtani, ngoja nikueleze."

Alisimama kunisubiri, kwa adabu. "Hakuna shida, bwana karani. Umefanya kazi yako vizuri."

"Nitukane basi."

"Nikutukane kwa lipi, bwana?" Akavaa kofia yake, akavuka reli.

Nyumbani nilimweleza baba. Alikuwa akipukuchua mahindi na hakuacha. Aliniuliza kwa nini wasizike kwetu tu, kwenye makaburi ya Waislamu. Nikamwambia wengi wao ni Wakristo, na hata walio Waislamu waliwahi kuambiwa pale ni pa wenyeji.

"Nani aliwaambia?"

"Ninyi, baba."

"Sisi tuna kwetu, Sindeni," alisema hatimaye. "Babu yako yuko Sindeni, na mimi mtanipeleka Sindeni. Mtu mwenye pake hafikirii jambo hilo." Hakusema kwa kujisifu, ila alionekana kama mtu aliyeligundua saa ile ile.

Barua yangu ilikuja, nikapangiwa ofisi moja Handeni. Kutoka huko nilimwandikia diwani mpya kuhusu makaburi. Niliandika barua hiyo mara tano, kila mara nikibadilisha mahali pa kukiri, na niliyoituma mwishowe haikuwa na kukiri kokote. Alinijibu vizuri. Alisema suala liliwekwa kwenye mengineyo, na kikao kilikwisha kabla ya mengineyo. Miaka michache baadaye mabaraza yenyewe ya wilaya yalivunjwa, na kwa muda nilijaribu kujituliza kwa hilo: kwamba hata angeshinda, kiti kingeondoka. Lakini mvua hazikungoja miaka michache. Zilianza miezi minne tu baada ya siku ile.

Nilikuwa nikirudi kusalimia wazazi. Nilishuka kwenye basi kabla ya mji, nikapita njia ya shambani. Kamba ya kupandia ilikuwa imevutwa kutoka ukingo mmoja wa kona hadi mwingine, nayo ilipita juu ya makaburi bila kupinda. Misalaba ya miti na mawe vilikuwa vimerundikwa kando ya mtaro. Vijana waliokuwa wakipanda walikuwa wamekwenda mbali, wanaimba. Mtu mmoja alikuwa nyuma, peke yake kwenye mstari wake. Mama aliyekuwa akigawa miche aliniambia kwamba mzee ametolewa korona kuja kupanda kwa maombi yake mwenyewe. Alimwomba nyapara ampe mstari ule, usipewe mtu asiyejua anakanyaga wapi.

Nilisimama na begi langu. Niliwaza niingie nimsaidie, kisha nikawaza kwamba pengine hiyo kazi si ya kusaidiwa, na nikabaki njiani. Wenzake walikuwa wakishindilia udongo kwa kisigino. Yeye alipiga magoti, akausimamisha mche, akaushindilia udongo kwa viganja, taratibu, pande zote. Kisha akasogea hatua moja mbele na kuchimba shimo jingine.