Moshi wa Nyumba ya Mwami

Juzi, mjini, niliona nyumba kuukuu ya mbao iliyofungwa kufuli ili isiharibike, katikati ya majengo mapya. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini kwetu Masisi.

Vibanda vya jirani vilikuwa vimebomolewa kupisha nyumba za matofali. Nyumba ya mwami, mtawala wetu wa jadi, peke yake iliachwa, kwa sharti kwamba shangazi yangu, aliyeitunza, azime moto uliowaka humo siku zote.

"Mama, moto itachoma nyumba," karani wa serikali alikuwa amemwambia. "Sisi tunaichunga."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote?"

Moto ulipozimwa mimi nilifurahi, maana moshi ule uliniwasha macho. Alasiri hiyo, miezi kadhaa baadaye, tuliingia tena. Palinuka udongo mbichi, na ndani ya nguzo kulisikika mchakacho mdogo usiokatika.

"Shangazi, nyumba iko napumua."

"Hapana, mutoto. Iko nakuliwa."

Nilidhani ana kinyongo tu. Sikujua kwamba moshi ndio uliokuwa ukifukuza mchwa. Mvua za kwanza zilipokuja, paa lilianguka.

Juzi niliegemeza sikio kwenye nguzo ya nje ya ile nyumba ya mjini. Mlinzi akaniambia nisiiguse, eti naiharibu.