Mti wa Nyar Muhuru Haumo Kitabuni

Nina vitabu viwili vya kutambua aina za mitini ya zamani, na sina hata mtini mmoja. Cha kwanza nilikipata kwenye rundo la vitabu vya mitumba mjini Homa Bay, kati ya mapishi ya Kizungu na Biblia zisizo na jalada. Cha pili nilitumiwa na binti yangu kutoka ng'ambo, kizito kama tofali. Nilifundisha bayolojia miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Migori, na nina kasoro ya walimu wengi: jambo lisiloandikwa mahali naliona kama halijawa jambo.

Mtini niliokuwa nikiutafuta humo ulikuwa wa mama. Aliolewa Lambwe akitokea Muhuru Bay, na ndani ya kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, alichokuja nacho kulikuwa na kijiti kimoja, kimefungwa kwa kitambaa kibichi. Alikipanda nyuma ya jiko. Tini zake zilikuwa ndogo, za rangi ya maini, na zikiiva hasa zilitoa tone moja tamu chini, penye tundu. Sisi watoto tuligombania tone hilo na nyuki. Kwetu mke huitwa kwa kule alikotoka, hivyo watu wa baba walimwita mama nyar Muhuru, binti wa Muhuru, na mti nao ukawa mti wa nyar Muhuru. Ule wa kwao, uliokatwa kijiti hicho, uling'olewa zamani. Huu wetu ndio uliobaki.

Kisha wadudu wakaingia shinani, na kila asubuhi unga wa mti ukawa umemwagika chini. Mama akanipigia simu. "Nyathina, mwanangu, njoo ukate tawi ukapande kwako. Mti huu hauna siku nyingi."

Nikamwambia asubiri, kwanza tujue ni aina gani. Ukijua aina, nilimweleza kwa sauti ya darasani, ndipo utajua namna ya kuutunza.

"Haya," akasema. "Na hicho kitabu chako kikishajua, kitaota?"

Nilicheka, lakini nilikuwa nimekasirika.

Vitabu hivyo havina mchezo. Vinataka jani bichi, idadi ya ncha zake, urefu wa kikonyo, tini iliyopasuliwa katikati, rangi ya nyama yake, na tundu kama limefunguka au limefumba. Nilikwenda Lambwe na rula. Tini nilizobeba zilifika Migori zikiwa uji. Nikarudi tena, na tena. Picha tatu zilifanana na mti wa mama, kila moja ikikubali jambo moja na kukataa lingine. Kitabu kimoja kilikiri, kurasa za mwanzo kabisa, kwamba majina mengi ya mitini ni ya mahali tu: mtu aliukuta mti katika mji fulani, akauita kwa mji huo. Niliipigia sentensi hiyo mstari kwa penseli, na sikujifunza kitu.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mama alinikumbusha mara tatu. Mvua zilipoanza nikaona aibu, nikampigia ndugu yangu anayeishi pale nyumbani. Nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa macho, na zamu yangu ilikuwa inakaribia.

"Nikatie vijiti saba vya ng'owo, unene wa kidole gumba. Nitumie na gari la kesho."

Ng'owo ndilo neno la Biblia ya Kijaluo kwa mtini. Ndilo pia jina la mkuyu, ule mti mkubwa wa mtoni ambao hata mbuzi wanaujua.

"Ng'owo mane?" akauliza. Ng'owo gani.

"Ng'owo ni ng'owo, bwana! Kata tu!"

Vijiti vilifika, nikavipanda kando ya ukuta, vitano vikachipua. Majani yalikuwa ya mviringo, bila ncha. Nikafungua kitabu, na kitabu kikanituliza: majani ya kwanza ya chipukizi huenda yasiwe na ncha. Nililala vizuri sana wiki hizo.

Upepo uliuangusha mti wa mama siku ya Sabato, yeye akiwa kanisani. Jua lilipotua akanipigia. "Tuokoe matawi?"

"Waache wapasue kuni, Mama. Watoto wake watano ninao hapa."

"Una hakika?"

"Mama, mimi ni mwalimu."

Wakapasua. Mwezi uliofuata jirani yangu, mama wa Kikuria anayeuza omena, alisimama penye ua na beseni lake kichwani. "Mwalimu, mbona unapanda mkuyu karibu na nyumba? Utakubomolea ukuta."

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa na macho, miwani mipya na vitabu viwili, na bado niliambiwa. Niliketi palepale kwenye udongo, nikalia.

Nilikwenda Lambwe na kile kitabu kizito, nikitumaini angalau tuupate mti wake kwenye picha, tuagize mwingine. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza yote, bila kujitetea. Alimaliza ungo wake kwanza, ndipo akanyoosha mkono. Kwa miaka miwili yote sikuwahi kumwonyesha kitabu hicho.

Alifunua ukurasa mmoja mmoja, akilowesha kidole. Mara mbili alisimama, akainamia picha, akaendelea. Alipofika mwisho akasema, "Haumo."

Kisha akarudi nyuma, akaweka kidole chini ya picha moja. "Hapa pameandikwa nini?"

"Jina lake."

"Maana yake?"

"Ni mji, Mama. Ndiko mti ulikotoka."

"Na huu?"

"Mji pia."

Akakifunga kitabu, akakirudisha mapajani mwangu taratibu.

"Kumbe miti nayo huitwa kwa kwao," akasema. "Basi wangu ulikuwa na jina. Ungemtajia ndugu yako hilo."