Maziwa ya Adamu

Sikudhani wa Nzuguni, yule muuza zabibu, watu wanamsema mengi. Eti ana jini. Jini gani? Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta, na niliyoyaona nitayasema mwenyewe, maana mdomo wangu hauna breki na sipendi wanaosimulia ya kuambiwa.

Ni mtu wa Kondoa kama mimi. Alikuja mjini na mumewe Hasani, fundi wa kupiga lipu, akaanza kuuza zabibu za Hombolo kando ya barabara, ndoo mbele, mtoto wao Adamu mgongoni. Alimnyonyesha bila kumpa hata tone la maji. Majirani tukamwandama: joto hili la Dodoma, mtoto hana kiu? Akacheka, akasema maji yamo humo humo kwenye maziwa. Na kweli Adamu alinenepa mpaka mikono ikapata mikunjo. Kisha homa ikamkamata asubuhi, na kesho yake tukamzika.

Mtoto alikwenda, maziwa yakabaki. Kila adhuhuri blauzi ya Sikudhani ililowa, matiti yakawa magumu, akawa anatembea kwa kujikunja. Nikamwambia akamue kidogo tu ya kupunguza maumivu, yatakatika yenyewe. Wapi! Alikamua yote kwenye kikombe cha bati, akayapeleka makaburini na kuyamwaga kichwani pa mwanawe. Kwetu wanawake hatuendi makaburini ovyo. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Akanijibu kwa upole kwamba Adamu analia, saa zile zile za kunyonya, na yeye anamsikia.

Nilimhesabu kichaa. Ila kichaa chake kilifanya maziwa yasikatike, maana titi likikamuliwa hujaa tena.

Ndipo binti yangu Munira akajifungua Hamza, damu ikamtoka isizuilike, akafa. Hapo sisemi zaidi, sina nguvu. Nikabaki na kichanga na maziwa ya kopo. Akinywa anatapika, asipotapika anaharisha, uso ukawa wa kizee. Nesi Generosa wa kliniki akaniambia bila kuficha kwamba mtoto huyu anakwenda, na kwamba maziwa ya mama yana kinga ambayo kopo halina. Kama yupo mwanamke anayenyonyesha, apimwe damu kwanza, kisha ampe.

Nilijua ni nani. Sikudhani akakubali kupimwa, akakutwa salama. Lakini nilipomweka Hamza mapajani pake, akajifunika kanga mpaka shingoni.

“Haya si yangu, Mama Munira,” akasema. “Yana mwenyewe.”

Nusura nimzabe kofi. Mjukuu wangu anakufa, yeye ananiletea habari za marehemu! Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami wangu ulikuwa mbichi. Nikamwambia basi, twende tukamwombe huyo mwenyewe.

Tulifika makaburini jua likiwa utosini. Ardhi yote ilikuwa imepasuka kwa ukame. Pale kichwani pa Adamu palikuwa na kishimo kidogo, kimelainika kama kimelambwa. Maziwa yamwagwe kila siku, halafu pasiwe na sisimizi hata mmoja, wala nzi? Nywele zilinisimama. Sikudhani akachuchumaa, akainamisha sikio, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa. Anakataa, akasema.

Hapo hasira ikapanda, woga ukanitoka. Nikapiga magoti na Hamza wangu kifuani.

“Adamu, asalaam aleikum. Ni mimi, bibi yako jirani. Huyu hana mama. Akinyonya ziwa ulilonyonya wewe, ni ndugu yako, hata mama yako akizaa binti, huyu hataweza kumwoa. Ndugu hanyimwi. Gawaneni.”

Kisulisuli kikainuka katikati ya makaburi, kikatuzunguka na vumbi lake jekundu, kikatulia ghafla. Blauzi ya Sikudhani ilikuwa imelowa pande zote mbili. Hamza, ambaye tangu jana yake hakuwa na nguvu ya kulia, akageuza kichwa kumwelekea. Sikudhani akaketi pale pale chini, akampa titi.

Hamza akapona. Ila alinyonya kushoto tu. Akiwekwa kulia anafumba mdomo na kugeuka, kama mtoto aliyekatazwa. Nikamshauri Sikudhani akamue upande huo usije ukapata jipu. Akanishika mkono, akauweka juu ya titi la kulia. Lilikuwa laini, tupu, na kanga ilikuwa kavu. Makaburini alikuwa haendi tena.

“Si ulisema wagawane?” akaniuliza.

Niliuvuta mkono wangu upesi. Lakini mashavu ya Hamza yalikuwa yanajaa, na kliniki Generosa alimpima huku anatabasamu. Nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza.

Baada ya mavuno, Hamza ameshajua kukaa, tulikuwa uani tunachambua zabibu. Akanyonya kushoto, akaliachia, kisha kwa mkono wake mwenyewe akalivuta la kulia na kuanza kunyonya. Nikasikia anameza. Sikudhani akamtoa upesi, akamrudisha kushoto. Mtoto akalia, akarudi kule kule. Akamtoa tena. Safari hii Sikudhani akainamisha sikio kama siku ile ya makaburini.

“Adamu halii tena,” akasema. “Mama Munira, simsikii. Akinyonya huyu huku, wangu atarudi wapi?”

Kusema kweli nilitamani kumwambia asimpe, nilivyomwonea huruma. Hamza akazidi kulia, mkono ameunyoosha. Sikudhani akamtazama, machozi yanamdondokea mtoto kichwani, kisha akamshika kisogo taratibu na kumsogeza kulia.