Muuaji wa Kitabu cha Tatu

Juzi mjukuu wangu alipanda uchagani, juu ya mafiga, kushusha mbegu za ufuta. Tulikuwa tumezifunga kwa gazeti, na gazeti limekaa juu ya moshi msimu mzima. Alipolifungua ile harufu ikanijia, karatasi iliyokaushwa na moshi, kali kidogo, tamu kidogo. Nikakaa chini. Mtoto akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Siumwi. Nimekumbuka vitabu vya Mjomba Issa.

Navyo vilikaa uchagani. Kule Chiola mchwa walikuwa wanakula hata mlango, sembuse karatasi, kwa hiyo Mjomba akaona heri moshi. Alirudi navyo kutoka Mombasa alikokuwa akifanya kazi bandarini, vitabu vitatu, vyote vya mpelelezi mmoja aliyeitwa Inspekta Ndoro. Kwenye jalada Inspekta amevaa koti refu na kukunja uso, na sisi tulikuwa tunamwonea huruma kwa joto. Chini yake pameandikwa kwamba hadithi hizo zimetoka kwenye televisheni. Tukamuuliza Mjomba televisheni ni nini.

Akafikiri. "Ni redio yenye dirisha," akasema. "Unawasikia watu na unawaona."

Hapo ndipo tulipokosea. Kama walionekana, basi ni watu kweli, na waliouawa wameuawa kweli. Nani angetuambia kwamba mtu mzima na akili zake anaweza kulala mbele ya dirisha akajifanya maiti? Mama Rashidi, mke wa mjomba, alikuwa anasoma innalillahi kila Mjomba akifika kwenye kifo.

Sasa nieleze mie nilikuwa natafuta nini Chiola, maana kwetu ni Chinongwe. Baba alimwacha mama, mama akaolewa tena, na huyo mume mpya hakutaka mtoto wa mwenzake. Nikapelekwa kwa kaka yake mama. Hapa Ruangwa nina jirani, mama wa Kisukuma aliyekuja huku na ng'ombe, hucheka nikimsimulia. "Kwani baba yako hakuwa na ndugu?" Kwao mtoto ni wa baba. Kwetu sisi Wamwera, na enzi zile ndiyo zaidi, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mtu akifa mali yake inakwenda kwa mpwa, siyo kwa mwanawe. Mama huyu mtu mwema, hunipa maziwa ya mgando hata nisipoomba. Lakini nimetoka njiani.

Basi watoto wa Mjomba, Rashidi na Somoe, walijua kwamba mikorosho ya baba yao siku moja itakuwa yangu. Hawakunipiga. Wangenipiga ningepata angalau cha kulilia. Walikuwa wanahama tu. Nikikaa mkekani, wanahamia kwenye gogo. Nikienda kwenye gogo, wanakumbuka kazi. Nilitwanga peke yangu, nikachota maji peke yangu, mpaka nikazoea kuongea na kinu. Kitu changu kimoja kilikuwa uji. Kila baada ya swala ya alasiri nilimpikia Mjomba uji wa mtama nikampelekea barazani, naye alinisogezea kipande cha mkeka nikae mpaka amalize. Hatukuongea sana. Nilikuwa nasikia tu anavyokunywa.

Akishamaliza uji anaita watu, anafungua kitabu, anasoma. Kitabu cha kwanza muuaji alikuwa mlinzi. Cha pili alikuwa mke mdogo, na Mama Rashidi alifurahi wiki nzima, akamwambia mumewe, "Umesikia mwenyewe, eh?"

Cha tatu kilianza na mzee tajiri aliyekutwa amekufa mezani, kikombe kimepinduka. Sumu. Nyumbani kwake aliishi na mkewe, na wanawe, na mpwa wake, msichana. Mjomba alipofika kwenye neno hilo akakohoa, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Ni huyo mpwa," Mama Rashidi akasema.

"Mke wangu, tumesoma ukurasa mmoja."

"Hata nusu ingetosha. Nani anarithi? Na nani anashika kikombe?" Akageuka akanitazama, na watoto nao wakageuka.

Kuanzia pale nikawa na jina. "Muuaji kapita!" Somoe anapiga kelele. "Funikeni vyungu!" Rashidi akiletewa maji ananusa kwanza, halafu ananikonyeza. Kesho yake Mama Rashidi alinisubiri mlangoni akachukua bakuli mkononi mwangu. "Lete. Kuanzia leo nampelekea mwenyewe." Hakuwa mkali. Ningesema alikuwa anaogopa.

Nikiwa jikoni nikawasikia barazani.

"Huyu mtoto arudi kwao."

"Kwao wapi?" Mjomba akauliza.

"Kwa mama yake."

"Kule hawamtaki."

"Basi tungoje kitabu kiishe. Kama ni mpwa, aende."

Nilingoja Mjomba aseme neno. Nilisikia kijiko tu.

Siku zile nilikuwa sijui kusoma. Wakienda shamba nilipanda uchagani nikakishusha kile kitabu, nikatazama herufi zilivyopangana kama siafu, nikajua kwamba mahali fulani mle nimeandikwa nikae au niende. Nikakifunga nikamwomba yule mtu wa jalada. "Inspekta, mie sijui kitu. Waambie."

Siku ya mwisho hata majirani walikuja. Mjomba alisoma polepole kuliko kawaida. Inspekta kawakusanya watu wote sebuleni, kavua koti, hilo nalikumbuka kwa kuwa tulishusha pumzi. "Aliyetia sumu," Mjomba akasoma, "ni daktari wa mzee."

"Daktari gani?" Rashidi akauliza. "Mbona hajatajwa?"

"Alitajwa. Ulikuwa umesinzia."

"Mie sijasinzia hata siku moja!"

"Unasinzia mno wewe," mama yake akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Madaktari! Nilijua tu, na sindano zao."

Mjomba akafunga kitabu. "Zainabu, uji wangu uko wapi?" Nikakimbia. Akaunywa mbele yao wote mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

Basi nikakaa. Hatukuwa marafiki na wale wenzangu, waliendelea kuhama kama zamani, ila jina lile lilikufa na uji ukarudi kwangu. Na mie sikumsahau aliyeniokoa. Kila nikiswali nilimwombea Inspekta Ndoro, apewe umri, apunguziwe joto.

Mjomba alifariki nimeshaolewa. Baada ya arobaini nikapewa mikorosho, na vile vitabu kwa kuwa hakuna aliyevitaka. Kilipokuja kisomo cha watu wazima nikaenda, na mtoto mgongoni. Nilipoweza kuunga maneno nikachukua kitabu cha tatu, nikakisoma silabi kwa silabi, zaidi ya masika moja.

Mle ndani hakuna daktari. Nimetafuta. Muuaji ni mpwa. Kamwekea mzee sumu kwenye chai kwa mkono wake, na Inspekta ndiye aliyemfunga pingu.

Nilikaa na kitabu mapajani mpaka mtoto akalia kwa njaa. Kumbe siku ile Mjomba alikuwa amefika kwenye mstari huo, watu wamemzunguka, mkewe anasubiri, akautazama, akasema kingine. Mtu aliyeogopa hata kubishana na mkewe barazani. Na mie nilimhesabu pamoja na wengine, kwamba naye haoni. Nilikuwa namletea uji na moyoni nimemnunia. Kwa nini hukuniambia, Mjomba? Ningejua tu kwamba kuna mmoja ananiona, ningeibeba miaka ile vingine.

Zile dua zote zilikwenda kwa mtu wa koti. Rashidi naye ametangulia. Somoe yupo Nachingwea, mzee kama mie, na akiugua hataki kabisa kupelekwa hospitali. Nikienda kumwona ananiambia, "Zainabu, wewe unakumbuka yule daktari alivyofanya." Namjibu kwamba nakumbuka. Kisha ananisogezea mkeka, nakaa.