Nilivyoipeleka Giaboksi Kicukiro

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya gia ya tatu. Gari langu jekundu la milango miwili, ambalo majirani hulisikia kabla ya kuliona, lilikuwa likikwaruza kila nilipotoka gia ya pili kwenda ya tatu, hasa likishapata moto. Mara mbili nimeingia mashindano ya kupanda mlima, na mara mbili nimeishia kona ya sita, watu wakinisukuma pembeni. Mashindano mengine yalikuwa yamebaki siku tisa. Mume wangu, Joas, akanielekeza kwa fundi wa Kicukiro, Rwanda, Mama Esperance, aliyewahi kuliponya lori lake. "Huyo akisema giaboksi imekufa, basi imekufa," alisema. Maneno hayo yaliniondolea usingizi, maana giaboksi nyingine nisingeipata kabla ya mbio.

Ijumaa alfajiri nilishika njia ya Biharamulo, taratibu, nikiibembeleza ile gia. Nilifika Rusumo, mpakani, alasiri. Ukivuka daraja tu, unahamia upande wa kulia wa barabara, na usukani wangu nao uko kulia, kwa hiyo kulipita lori ni kubahatisha. Niliimba kwa sauti kubwa ili nisiogope. Giza lilipoanza kuingia nilikuwa Kibungo, nikala ndizi na maharage, nikalala.

Kabuga, Jumamosi saa mbili asubuhi. Polisi alininyooshea mkono, nikasimama.

"Ni umuganda, madamu. Unapaki hapa mupaka saa tano."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi! Mimi mwalimu wa jiografia, ninayewafundisha watoto wa watu habari za nchi jirani, nimesahau kwamba asubuhi hiyo Rwanda nzima hutoka kufanya kazi ya pamoja na magari husimama. Kukaa tu garini niliona aibu, nikaomba jembe. Nikapangwa kwenye mtaro karibu na mama mmoja aliyenitazama nikilima, akacheka.

"Dada, Tanzania munalima hivyo, ama unaogopa udongo?"

Nilimwonyesha! Saa tano mgongo ulikuwa unauma na nilikuwa na furaha kama mtoto aliyecheza mvuani. Nilipowasha gari, lililokuwa limepoa kabisa, gia ya tatu ilikuwa ngumu lakini haikukwaruza. Nikaliweka hilo akilini.

Kicukiro, saa sita. Mama Esperance ni mwanamke mnene mwenye ovaroli safi kuliko nguo zangu. Amekulia Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa cha gereji: giaboksi kwake ni bwate, difu inayogawia magurudumu nguvu ni ponti, kubadilisha oili ni vidanje. Nilimweleza kwamba ya tatu hukwaruza gari likipata moto, likipoa hapana; hakufungua boneti wala hakuuliza habari za injini. Alileta sahani mbili nyeupe za bati na kipande cha sumaku.

"Mimi siuzi mafuta mupya kama sijasoma ya zamani," alisema, akaingia chini ya gari. Oili ya giaboksi akaikinga sahani moja, ya difu sahani ya pili.

"Kwa bwate ulitia mafuta gani?"

"Namba tano."

"Na kwa ponti?"

"Hiyohiyo. Dukani kulikuwa na nne na tano, nikaona tano ndiyo kubwa."

Alicheka mpaka akakalia tairi.

"Sikia, dada. Ndani ya bwate kuko pete za shaba. Kazi yao ni kukamata, gia zipate mwendo moja, ndiyo ziingie. Tano iko na dawa kali ya ponti. Inateleza sana, pete zinashindwa kukamata. Na ikipata moto, ile dawa inakula shaba."

"Imeshazila?"

"Buretse," alisema, yaani subiri. Alipitisha sumaku kwenye sahani ya giaboksi, ikatoka na unga mweusi wa chuma, akaufuta bila kujali. Mafuta yaliyobaki yalikuwa yanametameta rangi ya njano ya shaba. Akachovya vidole, akasugua, amefumba macho.

"Ni vumbi tu. Vipande hakuna. Pete ziko."

Nilimkumbatia hivyohivyo na ovaroli lake. Blauzi yangu ina alama ya vidole vyake mpaka leo.

Basi giaboksi ikapewa namba nne. Difu ikabaki na namba tano ya dawa, lakini oili nzito zaidi kwa kuwa naiendesha bila huruma, pamoja na kichupa cha dawa ya kuvifanya vibao vya ndani yake vinavyokamatana viachiane taratibu kwenye kona. Ule mngurumo wa kona kali nilikuwa nadhani ni sifa ya gari la mbio, kumbe ni vibao hivyo!

"Na kila ukimaliza mashindano, vidanje," alisema. "Usingoje kilomita. Gari ya kupigwa haihesabiwi kilomita."

Jioni tulilijaribu kwenye kilima cha vumbi upande wa Ndera, maana mjini kamera za mwendo kasi wanazoziita sofia zingenipiga picha. Likapata moto. Nikakanyaga klachi, nikavuta ya tatu, ikaingia kimya. Mama Esperance alipiga dashibodi kofi, nami nikapiga honi bila sababu.

Jumapili nilirudi nyumbani kwa njia ileile, nikibadilisha gia hata pasipohitajika.

Wiki iliyofuata, mlimani. Kona ya sita niliipita nikiwa gia ya tatu, nikipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Nilimaliza wa kumi na moja kati ya magari kumi na manne, na sioni haya kusema. Nimejifunza kuuliza kifaa kinataka nini kabla ya kukipa ninachokiona kikubwa. Juu kule watu walinipigia makofi, ila Joas simwoni. Nikampigia simu. Alikuwa bado kona ya sita, amesimama na kamba ya kunivutia, haamini kwamba lile jekundu lililompita ni langu.

"Joas," nikamwambia, "mimi niko juu."