Mkate Uliotupwa Mtoni

Nilikula. Naanza na hilo kabla sijapata nafasi ya kulizungukazunguka, kwa sababu nimelikana kwa miaka karibu arobaini, nimelikana mbele ya wazungu na mbele ya mchungaji, nimelikana nikiwa na gauni moja la kwendea kanisani na nimelikana nikiwa na digrii mbili, na kila mara kwa uso mkavu kabisa. Nilikula vipande viwili, na vilikuwa vitamu.

Baba yangu, Simoni, alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa huku Mbozi, karibu na kijiji cha Ruanda, enzi Mwingereza bado anatawala. Mwenye shamba tulimwita Bwana Yakobo. Alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani kabla ya vita, yeye na mkewe na mama yake mzee, na binti yao Ruthu alizaliwa hapo hapo shambani, tukalingana umri, akajifunza Kiswahili jikoni kwetu pamoja na Kinyiha cha kutukania. Kila mwaka kahawa ikishavunwa, Wayahudi wachache waliotawanyika kwenye mashamba ya mbali walikusanyika kwao kwa ajili ya mwaka mpya, na familia moja ilitoka ng'ambo ya mpaka, ikipitia Tunduma kwa lori, imevaa vumbi kichwa hadi mguu. (Mwaka mpya mwezi wa Septemba! Sisi watoto tulibishana kama kalenda yao imechelewa au imewahi, tukashindwa kuafikiana.) Matufaha ya kwao hayakuwepo, basi wakachovya ndizi kwenye asali yetu ya porini, na yule bibi mzee alioka mwenyewe mkate wa mviringo wenye zabibu, hakumruhusu baba hata kupepeta unga.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi baba alitutangazia, "Leo mtu asishuke mtoni. Wenyewe wana ibada yao huko jioni." Ningetii, nasema kweli, kama isingekuwa ile pembe.

Waliipiga sebuleni, madirisha wazi, nami niko nyuma ya jiko namenya viazi. Ilikuwa pembe ya kondoo dume, na Bwana Yakobo ndiye aliyeipuliza. Sijui niieleze vipi. Haikuwa wimbo, na haikuwa kuita watu wala ng'ombe. Ilianza ndefu, ikakatika vipande kama mtu anayelia akijizuia, ikarudi ndefu tena, na kisu kikasimama mkononi mwangu. Mbwa walinyamaza. Baba alivua kofia yake ya upishi, akabaki nayo kifuani mpaka ikaisha. Nilichungulia nikaona watu wazima wa kizungu wamesimama na machozi yanatiririka bila hata kuyafuta, na mimi nilikuwa sijawahi kujua kwamba mzungu ana kitu cha kumwomba Mungu. Nilidhani wamekwishapewa vyote.

Nilitaka kuona zaidi. Jioni nikachukua kibuyu, ili nikikutwa niseme nimetumwa maji, nikazungukia chini kwenye kidimbwi kilichojificha nyuma ya magugu, na uamuzi wangu mdogo ulikuwa huo tu, kibuyu na njia ya kuzunguka.

Wakaja. Walijipanga ukingoni juu yangu, wanaume, wanawake, watoto, wakasoma kwa sauti ya chini, kisha wakatoa mikate mifukoni na kuirushia majini kidogo kidogo, wakikung'uta mifuko mpaka ya ndani. Kiangazi kile mto ulikuwa mwembamba na mvivu, na mkate wote ukanijia mimi. Mkate wa ngano! Wenye zabibu! Nyumbani kwetu kutupa chakula kulikuwa kosa la kuchapwa, na hapa kinaelea. Kipande cha kwanza nilikila kwa mshangao. Cha pili nilikila kwa kuwa cha kwanza kilikwisha. Hapo dhamiri ikaamka (imekuwa na tabia hiyo ya kuchelewa), nikajiambia watu hawa wazuri chakula chao kimeanguka, na mimi ni mtoto niliyelelewa, basi nikaviokota vyote vilivyobaki, nikavijaza kibuyuni, nikapanda ukingo nikichuruzika maji, nikapiga magoti mbele ya Bwana Yakobo kama nilivyofunzwa, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bwana. Mkate wenu umeangukia mtoni. Nimewarudishia."

Waliokuwa mbele walichungulia kibuyuni, kila mmoja kama anatafuta cha kwake. Ruthu akapasuka kicheko, mama yake akamfinya. Baba, aliyesimama mbali ameshika makoti ya wageni, alikuja mbio akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, umefanya nini? Hizo ni dhambi zao! Dhambi za mwaka mzima, wamezitupa ziende!"

Nikafuta mdomo kwa bega.

Bwana Yakobo hakukasirika. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, kama tunavyopokea sisi, akasema, "Asante, Sekela. Lakini hivi hatuvitaki tena." Yule bibi mzee ndiye aliyenitazama mdomoni, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mtoto amekula?"

"Sijala," nikasema.

"Ametafuna. Mimi nimeona."

Hapo baba yangu, mtu ambaye mbele ya mabwana sauti yake haikuwahi kupanda, akanyooka. "Mama, mwanangu hasemi uongo. Kama amekula, Mungu anihukumu mimi."

Bwana Yakobo akasema neno la mpishi wake linamtosha. Wakaumwaga tena mkate, chini zaidi safari hii, na wakaisoma ile sala yote upya kwa sababu yangu, watu wazima wale, jua likiwazamia, bila hata mmoja kunung'unika.

Ningesema kesho yake. Lakini baba aliigeuza siku ile kuwa hadithi yake ya maisha. Aliisimulia kanisani, akaisimulia kwa ndugu wa Tunduma, na kwenye harusi yangu alisimama mbele ya watu wasiopungua mia tatu akaeleza jinsi mzungu mzima alivyomshuku binti yake na yeye akamwapia kwa Mungu, watu wakapiga vigelegele, nami nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Chuo kikuu nilisoma kwamba mkate ule ni ishara tu. Nilifaulu vizuri somo hilo, na bado nilimzika baba nikiwa na vipande viwili tumboni.

Mwaka jana katibu wetu wa idara aliniita, "Mama, simu yako, ya nje ya nchi."

"Sekela? Ni Ruthu. Ruthu wa shambani." Namba alipewa na mdogo wangu wa Tunduma, aliyekuwa akiandikiana naye barua, na ndiye aliyemsimulia ile hadithi ya baba. "Kesho kutwa mwaka wetu unaanza. Siku hizi tunawaomba radhi tuliowakosea. Naomba unisamehe, siku ile mtoni nilikucheka."

Hebu fikiria! Yeye ndiye anaomba. Nikafunga mlango wa ofisi kwa mguu.

"Ruthu, nilikula."

"Vingapi?"

"Viwili."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bibi alijua. Alikufa anajua."

"Na dhambi zenu je?"

"Mkate ni mkate, Sekela. Zetu zilikwenda na sala, tena mara mbili. Lakini baba yako aliapa."

"Baba amefariki."

Akasema taratibu, "Kosa la mtu kwa mtu haliendi mtoni. Kwetu, uliyemkosea akiwa amekufa, unakwenda kaburini kwake na watu kumi, unasema mbele yao."

"Kumi? Ruthu, mimi ni mtu mzima, nina heshima yangu. Hawawezi kuwa wawili?"

"Kwani yeye alikusifu mbele ya wangapi?"

Nikaikumbuka harusi, viti vyote vile, na vigelegele.

"Kumi wanatosha," nikasema.